Oili Chafu Katika Nchi ya Mvua

Mpelekee fundi baiskeli wa Kyela mnyororo unaolia, na mara nyingi atakachoupaka ni oili chafu, ile nyeusi iliyokwisha kufanya kazi ndani ya injini ya gari au pikipiki ikamwagwa. Huwa ameihifadhi kwenye chupa ya maji ya plastiki, kifuniko chake kimetobolewa kwa msumari wa moto. Baiskeli hugeuzwa ikasimama kwa usukani na kiti, pedeli ikazungushwa kinyumenyume kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukaiminya chupa mpaka mnyororo mzima ung'ae. Vitabu vya ufundi vinaikataza oili ya namna hiyo, na aliyevisoma huenda akaamua kwamba watu wa huku hawajui kutunza vyombo. Hukumu hiyo ni ya haraka. Ninavyoona mimi, desturi hii ilizaliwa na mambo mawili yaliyokutana mahali pamoja, mvua na uhaba, na wakati wake ilikuwa uamuzi wa busara. Ubaya wake umekuja baadaye: mvua ingalipo, uhaba umekwisha, na mkono wa fundi bado unakwenda kwenye chupa ileile. Ushahidi wa hoja hii hautafutwi katika kumbukumbu za watawala, kwa kuwa hakuna bwana shauri aliyepoteza wino wake kwa mnyororo wa baiskeli. Unatafutwa katika chuma chenyewe, katika hali ya hewa ya bonde, na katika njia ambazo mafuta yamefuata kufika ziwani.

Tuanze na chuma. Mnyororo tulio nao leo ulibuniwa na Hans Renold, fundi mitambo mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, mwaka 1880, miaka mitano kabla John Kemp Starley hajatoa baiskeli yake ya Rover yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana. Kila pingili ina vibati vya pembeni, pini katikati, bushi inayoizunguka pini hiyo, na rola inayozunguka juu ya bushi na kugusa meno. Kinacholika si kile kinacholowa mafuta mbele ya macho yetu. Kinacholika ni pini ndani ya bushi, mahali ambapo jicho halifiki. Watu husema mnyororo umerefuka, kana kwamba chuma kimevutika, kumbe ni pini mia moja na zaidi ambazo kila moja imelika kidogo, na upungufu huo ukajumlishwa. Pingili 24 za mnyororo mpya zina urefu wa inchi 12 kamili, na zikizidi hapo kwa moja ya nane ya inchi, mnyororo umeanza kula meno. Mwaka 1999 James Spicer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliupima mnyororo katika maabara wakakuta kwamba katika hali nzuri kabisa hupitisha zaidi ya asilimia 98 ya nguvu ya mwendeshaji, na jambo lililowashangaza wengi ni kwamba kuupaka mafuta au kutoupaka hakukuleta tofauti kubwa katika kipimo hicho. Maelezo ya Spicer yalikuwa mepesi: huenda kazi kubwa ya mafuta ni kukaa mahali ambapo uchafu ungekaa. Mtetezi wa oili chafu anaweza kuurukia utafiti huo na kusema basi mafuta yoyote ni sawa. Lakini maabara haina tope. Mahali penye tope, swali zima linakuwa ni mafuta gani yatabaki ndani ya bushi baada ya siku ya kazi, na hapo ndipo jiografia inapoingia.

Bonde la Kyela lipo kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, limebanwa na milima ya Livingstone upande wa mashariki na nyanda za juu za Rungwe upande wa kaskazini. Hewa yenye unyevu inayotoka ziwani hugonga milima hiyo ikamwaga maji, na ndiyo sababu mwambao huu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Dodoma hupata chini ya 600. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufirio hushuka na udongo wa milima pamoja na majivu na changarawe za volkano za Rungwe, ikautandaza bondeni. Udongo huo ndio uliofanya mchele wa Kyela upate jina, na ndio huohuo unaoingia katikati ya pini na bushi ukiwa umechanganyika na maji. Mwezi Aprili mito hufurika, njia za vijijini hugeuka mifereji, na baiskeli yenye gunia la mpunga kwenye keria husukumwa katika maji yanayofika kwenye pedeli. Mafuta mepesi hayawezi kustahimili hali hiyo. Mafuta ya cherehani, kwa mfano, ni mazuri sana kupenya: tone likitua kwenye kiungo hunywewa mara moja. Lakini yakioshwa siku moja tu yamekwisha, na usiku huohuo chuma huanza kushika kutu nyekundu. Mafuta mazito huchelewa kupenya, huchafua suruali, hukamata takataka, ila kesho yake bado yapo. Katika nchi ya namna hii uzito ni sifa ya kwanza ya mafuta. Usafi, hata ukiwa muhimu, unakuja nyuma yake.

Baiskeli yenyewe haikuja bondeni na elimu hiyo. Hadi Vita Kuu ya Kwanza mizigo ya huku ilibebwa na vichwa vya watu na mitumbwi, na majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Northey yalipovuka Songwe kutoka Karonga mwezi Mei 1916, nyuma yao walikuwa wapagazi. Chini ya Waingereza zikaja barabara, meli za Nyasaland zikatia nanga Mwaya, na vijana wa Kinyakyusa wakaanza kutafuta fedha mbali: kwanza kwenye dhahabu ya Lupa, kule Chunya, kisha kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na migodi ya Afrika Kusini. Aliyerudi na akiba aliweza kununua baiskeli, na mara nyingi ilikuwa Raleigh ya Nottingham au ndugu zake wa Kiingereza. Ilikuwa chombo cha bondeni. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,000 juu ya Kyela, na hakuna baiskeli ya gia moja inayopandisha gunia huko. Lakini kutoka Ipinda hadi Kyela mjini, au kutoka mashambani hadi bandarini, ardhi ni tambarare na baiskeli ni mfalme. Sasa, baiskeli hizo zilitengenezwa katika nchi ambayo nayo ina mvua, na watengenezaji wake walijua hilo. Kiwanda cha Sunbeam cha Wolverhampton kiliuza kwa fahari baiskeli ambazo mnyororo wake ulifungiwa ndani ya kasha lenye mafuta, ukizunguka umelowa daima na tope likibaki nje. Uholanzi hadi leo mnyororo uliofunikwa wote ni jambo la kawaida. Baiskeli nyingi zilizokuja Afrika Mashariki, kwa upande wake, zilikuwa na kava la nusu tu, tena kava hilo likipinda na kuanza kugonga pedeli, mwenyewe huling'oa akalitupa. Hapo ndipo mzigo wote wa kuulinda mnyororo ulipohamia kwenye mafuta, na mafuta yaliyouzwa madukani yalikuwa yale mepesi ya kopo dogo lenye mdomo mrefu, yanayofaa barabara ya lami na banda kavu.

Pengo hilo lingeweza kuzibwa kwa kununua oili ya injini mpya, ambayo ni nzito na ina dawa za kuzuia msuguano na kutu. Kwa mwenye fedha na duka la karibu, hili liliwezekana mpaka miaka ya 1970. Kisha milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973 na tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikameza fedha za kigeni zilizobaki. Serikali ilijitahidi kuziba pengo kwa viwanda vya ndani, na baiskeli za Swala zikatengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya umma ya NABICO, lakini baiskeli bila vipuri na vilainishi ni nusu ya chombo. Nchi iliyopanga foleni ya sabuni na sukari, na iliyowazuia wenye magari kuyaendesha Jumapili alasiri, haikuwa na oili mpya ya kumwagia mnyororo. Kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya walanguzi iliwafanya wenye maduka waogope hata kuweka shehena ndogo ya bidhaa adimu. Mtu aliyekuwa na chupa ya oili mpya aliitunzia injini, na hakuna aliyemlaumu.

Wakati huohuo kulikuwa na kitu kimoja ambacho nchi haikukikosa, hasa mkoani Mbeya: oili iliyokwisha tumika. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilikuwa imewekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976. Katikati ya miaka ya 1980, vita vya Msumbiji vilipokata reli ambazo Malawi ilizitegemea kufika bandari za Beira na Nacala, mizigo ya nchi hiyo ikatafuta njia ya kaskazini. Vituo vya mizigo vya Malawi vikawekwa Dar es Salaam na Mbeya, na malori yakashuka Uyole, Tukuyu na Kasumulu hadi daraja la Songwe. Kila lori ni injini, na kila injini hubadilishwa oili. Lori moja humwaga lita nyingi kwa mara moja, na kwa dereva uchafu huo ni taka ya kuondolewa. Kwa fundi baiskeli aliyekuwa kando ya barabara ile, taka hiyo ilikuwa oili nzito, isiyooshwa na mvua upesi, yenye mabaki ya dawa zilizowekwa kiwandani, tena ya bure au ya bei ya kutupa. Tuseme kweli: kama mimi na wewe tungekuwa pale, tungeichukua.

Mtu anaweza kupinga hapa kwamba uhaba ulikuwa wa nchi nzima, na oili chafu ilitumika Shinyanga na Dodoma pia, basi Kyela ina upekee gani? Jibu ni kwamba uhaba unaeleza jinsi desturi ilivyoanza, lakini hauelezi kwa nini katika bonde hili ilipata heshima. Kwenye nchi kavu oili nzito humwadhibu mtumiaji wake ndani ya siku chache. Vumbi huishika, mchanganyiko ukawa kama ugali mweusi unaosaga chuma, na mwenye baiskeli huona kwa macho kwamba mafuta yamezidisha tatizo. Kyela, kwa sehemu kubwa ya mwaka, adhabu hiyo haiji. Mvua huosha tope la nje, oili nzito hubaki ndani, mnyororo haupigi kelele, na mwenye baiskeli huridhika. Ardhi yenyewe ikawa inathibitisha alichofanya fundi. Ongeza jambo la muundo: baiskeli ya gia moja husamehe sana. Mnyororo ukilegea, gurudumu la nyuma hurudishwa nyuma kidogo kwenye pengo lake. Likifika mwisho, fundi hutoa pini, hukata pingili, kisha huunga tena. Kwa namna hiyo mnyororo uliokwisha kulika huendelea kufanya kazi kwa miaka, na uharibifu unaoletwa na vumbi la chuma lililomo ndani ya oili chafu hauonekani kwa urahisi. Unajificha katika meno yaliyochongoka na friwili inayoteleza, na lawama huenda kwa Mchina au Mhindi aliyetengeneza vipuri.

Pingamizi zito zaidi, na linalonivutia kuliko yote, ni la mawese. Bonde la Kyela lina michikichi, na mafuta yake ya mawese husafirishwa kwa madumu hadi Mbeya na kwingineko. Kwa nini watu wenye mafuta yao wenyewe wasubiri taka za malori? Swali hili si la mzaha, maana mawese yana historia ndefu ya ufundi. Katika karne ya 19 Uingereza iliagiza mawese kutoka Afrika Magharibi si kwa sabuni na mishumaa peke yake, bali pia kwa kutengeneza grisi ya ekseli za mabehewa ya reli. Mafuta mengine ya mimea yalikwenda mbali zaidi: ndege za Vita Kuu ya Kwanza zenye injini za Gnome na Le Rhône zilitumia mafuta ya mbarika, na jina la oili ya Castrol, lililoanza kutumika 1909, lilitokana nayo. Kwa hiyo hoja kwamba mafuta ya mimea hayafai chuma haina mguu. Shida ya mawese iko kwenye mambo madogo. Mawese yanayokamuliwa kijijini huwa na maji ndani yake, na tunda likikaa au kupondeka kabla ya kuchemshwa, asidi huongezeka haraka. Grisi ya reli ilichanganywa na magadi na kupikwa kiwandani, lakini mnyororo ungepakwa mawese mabichi. Asidi na maji juu ya chuma tupu huleta kutu. Tena mawese huanza kuganda joto likishuka, na usiku wa Julai, hata bondeni, yatakuwa mazito kiasi cha kutoingia kwenye bushi. Halafu kuna hesabu ya jikoni. Mawese ni chakula na ni fedha, na mama aliyekesha akiyakamua hawezi kuona busara ya kuyamwaga kwenye baiskeli wakati oili ya lori inatupwa. Mbarika ingefaa zaidi kwa ubora, lakini haikuwa na mashine ya kuikamua wala soko bondeni. Nta na mishumaa iliyoyeyushwa, ambayo wanabaiskeli wa mashindano huisifu, hufaa sana nchi kavu. Kwenye mafuriko maji hupenya kwenye nyufa zake na chuma hushika kutu chini yake.

Basi tumefika mahali ambapo mtetezi wa desturi angependa nisimame, niseme oili chafu ilikuwa jibu sahihi na iendelee. Siwezi. Uzito wake ulikuwa jibu sahihi. Uchafu wake ulikuwa gharama iliyolipwa kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Ndani ya oili iliyotoka kwenye injini mna masizi, asidi za mwako na chembe za chuma zilizolika kwenye injini, na chembe hizo tunazipeleka wenyewe mahali ambapo tulitaka kuziba uchafu usiingie. Mkono wa fundi nao una hesabu yake. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeyaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa vya kutosha katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, na oili ya injini kadiri inavyotumika ndivyo inavyokusanya kemikali za aina hiyo zinazotokana na mwako. Fundi anayeipaka kwa vidole kila siku, akala kiporo kwa mkono uleule ulioifuta tu kwenye kitambaa, anabeba hatari ambayo mteja wake haibebi. Na kinachodondoka chini ya baiskeli Kyela hakikai mahali pake. Mvua hukisukuma mpaka kwenye jaruba la mpunga na mfereji wa maji.

Sababu pekee iliyokuwa ikizima hoja hizi ni kwamba oili mpya haipatikani au haishikiki kwa bei. Sababu hiyo ilianza kufa taratibu tangu bajeti ya 1984 ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na ikafa kabisa pikipiki za China na India zilipojaa. Kanuni za 2010 zilipotambua bodaboda kuwa usafiri wa kulipia, zilikuta tayari kila kijiwe kina duka linalouza oili ya injini katika chupa za lita moja. Ajabu ni kwamba pikipiki hizohizo ndizo zilizoongeza oili chafu mitaani, kwa hiyo chupa ya fundi baiskeli ikajaa kwa urahisi kuliko wakati wa malori, na hakuna aliyesukumwa kuuliza kama bado kuna haja. Tukae tuhesabu. Mnyororo wa baiskeli ya mizigo una pingili kama 110, na kinachohitajika ni tone moja kwenye kila kiungo, kwa kuwa kinachobaki nje hakisaidii kitu. Matone 20 hufanya takriban mililita moja, kwa hiyo mnyororo mzima hutosheka na mililita tano na nusu. Lita moja ya oili mpya ingepaka minyororo 180. Bei yoyote ya lita ukiigawa kwa 180 itakuwa ndogo kuliko faida ya mkungu mmoja wa ndizi unaobebwa kwenye keria hiyo.

Kwa mafundi wa Kyela, Ipinda, Matema na Kasumulu, ushauri wangu ni huu: uzito uliorithiwa kwa wazee wenu ushikeni, chupa nyeusi iacheni. Changieni lita moja ya oili mpya watu watatu au wanne kwenye kijiwe kimoja. Kwanza usugueni mnyororo kwa brashi na mafuta ya taa mpaka vibati vionekane rangi yake, uacheni ukauke, dondosheni tone kwa tone mkizungusha pedeli, kisha mpeni mteja kitambaa afute ya nje yote. Kiangazi cha Agosti hadi Oktoba, vumbi linapotawala, punguzeni matone na mfute zaidi. Aprili, mafuriko yakipita, osheni mnyororo na mpake upya siku hiyohiyo kabla kutu haijaanza. Oili chafu ya pikipiki kusanyeni kwenye dumu lililofungwa, mbali na mfereji, na mtu yeyote asiiguse kwa mkono mtupu.